Wanasema wanajua kutafuta taarifa: nitapimaje kama kweli wanajua?

SWALI: Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu. Mwaka jana tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hojaji wajipime wenyewe, kuanzia 1 hadi 5, wanavyoweza kutafuta, kuchambua na kutumia taarifa. Wengi walijipa 4 na 5. Wahadhiri wakasema hayo matokeo hayafanani hata kidogo na insha wanazosahihisha. Mwaka huu uongozi unataka tupime upya. Tunapokea wanafunzi wapya wapatao 800, na kitengoni tuko wawili tu. Tununue mtihani uliokwisha tengenezwa, au tuiboreshe hojaji? Alama ya kufaulu iwe ngapi? Na hizi programu za akili mnemba tuzifanyeje?

JIBU: Ndugu mkutubi, hojaji yenu ilipima kujiamini, na ilipima vizuri tu. Tatizo ni kwamba mliisoma kana kwamba imepima ujuzi. Kwa mtu anayeanza, vitu hivi viwili huachana mno. Mwaka 1999 wanasaikolojia Justin Kruger na David Dunning walichapisha utafiti ambao watu walipewa majaribio kisha wakaulizwa wanadhani wamewazidi wenzao wangapi. Walioangukia robo ya mwisho, kwa wastani, walikuwa wamewazidi watu 12 tu katika kila 100. Wao walidhani wamewazidi 62. Baadaye Melissa Gross na Don Latham, waliokuwa wakifundisha taaluma ya ukutubi katika Florida State University, walilipeleka jambo hilohilo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kutumia mtihani wa stadi za taarifa. Waliopata alama za chini walijikadiria juu, na hata baada ya kuufanya mtihani hawakuona walivyoanguka.

Ukifikiri kidogo utaona haikuwa rahisi iwe vingine. Kijana anaandika maneno kwenye injini ya kutafutia, matokeo yanamiminika, anachukua la kwanza au la pili, anaendelea na insha. Kwa macho yake kazi imefanyika na imefanyika haraka. Ili aone kuwa alichookota ni hafifu, angehitaji ujuzi uleule anaoukosa. Kwa hiyo akijipa 5 hakudanganyi.

Hojaji msiitupe, ila ipunguzeni ibaki na maswali matatu au manne, muyaulize mara mbili: kabla ya kazi halisi na baada ya kazi hiyo. Pengo kati ya anachodhani na anachofanya ni taarifa muhimu kwa anayepanga mafunzo, kwa sababu mwanafunzi anayejiona hodari haji kwenye semina ya hiari. Lakini kiini cha upimaji kiwe ni kumtazama akifanya.

Kabla ya kuchagua chombo cha kupimia, ulizeni uongozi swali moja, na msikubali jibu la jumla: matokeo haya yatabadilisha nini? Kama mnataka kujua mfundishe nini katika kile kipindi kimoja au viwili mnavyopewa, sampuli inatosha na majina hayahitajiki. Kama mnataka kuamua mwanafunzi gani apelekwe darasa la ziada, lazima apimwe kila mmoja, na chombo kiwe thabiti kiasi cha kubeba uamuzi juu ya mtu binafsi. Na kama mnataka kuonyesha kwamba mafunzo ya maktaba yanasaidia, mtahitaji kupima kabla na baada, na ikiwezekana kuwe na kundi ambalo halijafundishwa bado. Upimaji mwingi wa aina hii hukwama kwa kutaka mambo yote matatu kwa karatasi moja. Kwa watu wawili na wanafunzi 800, ningeanza na lile la kwanza.

Juu ya nini hasa kipimwe, miongozo ipo. Chama cha maktaba za vyuo na utafiti cha Marekani, ACRL, kilitoa viwango vitano mwaka 2000, kisha mwaka 2015 kikaleta mwongozo mpya wenye dhana sita, na mwaka uliofuata kikaviondoa vile viwango. Uingereza wana nguzo saba za SCONUL, chama cha maktaba za vyuo vikuu, za mwaka 1999, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2011. Isomeni yote. Lakini mjue kwamba mwongozo wa 2015 wenyewe unasema si orodha ya viwango wala ya matokeo ya kujifunza, kwa hiyo anayekata kila dhana vipande ili apate maswali ya mtihani anaulazimisha kazi isiyo yake. Kwa mwaka wa kwanza mimi hutaka kujua mambo matatu tu: kama mwanafunzi anaweza kugeuza swali la insha kuwa maneno ya kutafutia, kama anajua kuamua chanzo kiaminiwe kwa lipi na kisiaminiwe kwa lipi, na kama anachokiandika kweli kimetoka kwenye chanzo anachokitaja.

Sasa mitihani iliyotengenezwa tayari. Inayojulikana ni pamoja na SAILS, iliyoanzia Kent State University, ule wa James Madison University wenye maswali 60 ya kuchagua jibu, na hojaji ya maswali 20 iliyotumika Quebec, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2003. Hii ya Quebec ilitungwa mahususi kwa wanafunzi wanaoingia chuo, ikajibiwa na zaidi ya 3,000, na imeazimwa na vyuo vingi kwa sababu ni fupi na inapima ujuzi badala ya kujiamini. Faida ya mitihani hii ni kwamba mnaweza kujilinganisha na wengine, na kusahihisha ni dakika chache. Hasara yake ni kwamba maswali mengi ya kuchagua hupima msamiati wa maktaba. Ukimuuliza mwanafunzi "makala iliyopitiwa na wataalamu ni ipi?" ukampa maana nne, aliyehudhuria matembezi ya maktaba juzi atapata, na asiyelijua neno hilo atakosa, hata kama akiwekewa makala mbili mezani angezitofautisha bila shida.

Swali la kuchagua linaweza kuandikwa likapima kitendo. Tazameni hili: "Unaandika insha kuhusu kukosa usingizi na kumbukumbu. Kwenye hifadhidata ya maktaba umeandika: 'je, kukosa usingizi kunaathiri vipi kumbukumbu za wanafunzi wa chuo kikuu wanapojiandaa kwa mitihani'. Umepata tokeo moja. Utafanya nini kwanza?" Majibu: (a) nitabadilisha mada kwa kuwa haijaandikiwa, (b) nitaongeza maneno ili mfumo uelewe vizuri ninachotaka, (c) nitabakiza "usingizi" na "kumbukumbu", kisha nijaribu maneno mengine yenye maana hiyohiyo, (d) nitatumia hilo tokeo moja, linatosha, (e) sijui.

Jibu ni (c), lakini utamu wa swali uko kwenye makosa. Anayechagua (b) anadhani hifadhidata inamsikiliza kama mtu. Wa (a) amechukulia kwamba asichokipata hakipo. Wa (d) anatafuta kumaliza. Hao ni wanafunzi watatu wanaohitaji masomo matatu tofauti, na idadi ya waliochagua kila kosa inakuambia uanze na lipi. Makosa hayo msiyatunge ofisini. Wapeni wanafunzi kama 20 swali hilohilo bila majibu ya kuchagua, waandike wenyewe, halafu chukueni maneno yao. Kosa lililotungwa na mkutubi huwa la kijinga kiasi kwamba hakuna anayelichagua, na mtihani unageuka mwepesi bila sababu. Hilo "sijui" nalo msiliondoe, ili asiyejua asilazimike kubahatisha. Katika mtihani wa maswali 20 yenye majibu manne kila moja, anayebahatisha tu hupata wastani wa 5.

Mkishajaribu maswali, angalieni kila moja kwa hesabu mbili. Ya kwanza ni wangapi wamelipata: swali linalopatwa na wote au kukoswa na wote halikuambii kitu. Ya pili, wapangeni wanafunzi kwa alama zao za jumla, chukueni asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, mlinganishe. Swali ambalo walio chini wanalipata kuliko walio juu lina kasoro, na mara nyingi kasoro iko kwenye lugha yake. Zaidi ya hapo, takwimu ziacheni mpaka mtakapokuwa na watu wa kuzifanyia kazi.

Maswali kumi ya namna hiyo yanatosha. Muda uliobaki upelekeni kwenye kazi ya vitendo, maana hapo ndipo mtakapoona mambo ambayo karatasi ya kuchagua haiyaoni kamwe.

Sam Wineburg na Sarah McGrew, wakiwa Stanford University, walifanya jaribio ambalo kila mpimaji angepaswa kulijua. Waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki 10 wa taarifa kutoka vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa Stanford. Katika kazi mojawapo waliwaonyesha kurasa za mashirika mawili ya madaktari wa watoto yenye majina yanayokaribiana. Moja, American Academy of Pediatrics, ni chama kikubwa cha taaluma hiyo kilichoanzishwa mwaka 1930. Jingine, American College of Pediatricians, ni kundi dogo lililojitenga mwaka 2002 kwa sababu za kimsimamo. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki kwenye ukurasa waliopewa: wakatazama nembo, mpangilio, orodha ya marejeo, mwisho wa anwani. Zaidi ya nusu ya wanafunzi waliliona lile kundi dogo ndilo la kuaminika zaidi. Wahakiki waliutazama ukurasa kwa muda mfupi sana, wakafungua madirisha mengine, wakatafuta wengine wanasema nini kuhusu shirika hilo, na ndani ya dakika chache wakajua wako kwa nani.

Somo lake kwa mpimaji ni kubwa. Vyuo vingi hufundisha orodha ya kukagua chanzo, maarufu zaidi ikiwa ile ya CRAAP aliyoichapisha Sarah Blakeslee mwaka 2004: ni cha lini, kinahusika, nani kaandika, ni sahihi, kina kusudi gani. Maswali ni mazuri. Shida ni kwamba mwanafunzi anaweza kuyajibu yote bila kuinua macho kwenye ukurasa uleule anaoukagua, yaani mshitakiwa anajitolea ushahidi mwenyewe. Mkipima kwa kuhesabu vipengele vya orodha, mtawapa alama za juu watu ambao wametapeliwa.

Kazi yenu basi iwe hivi. Mpeni mwanafunzi makala moja ya mtandaoni iliyoandaliwa na taasisi yenye maslahi, isiyojitangaza wazi. Andikeni kwa herufi nzito: unaruhusiwa kutoka kwenye ukurasa huu na kwenda popote kwenye intaneti. Dakika kumi. Aeleze kama angeitumia kwenye insha, kwa kusudi gani, na ameamuaje.

Tuseme makala inadai kwamba sukari haina uhusiano na unene. Jibu la kwanza: "Inaaminika kwa sababu ina ukurasa wa 'kuhusu sisi', ina marejeo na imeandikwa mwaka huu." Huyu hakutoka kwenye ukurasa; sifuri. Jibu la pili: "Nimetafuta jina la taasisi, nimekuta inafadhiliwa na watengenezaji wa vinywaji. Siwezi kuitumia kama ushahidi wa kitabibu, lakini naweza kuitaja kuonyesha wenye viwanda wanasemaje." Huyu apewe alama zote, na hasa kwa ile sentensi ya mwisho, maana ametambua kuwa chanzo kibaya kwa jambo moja chaweza kufaa kwa jingine. Jibu la tatu ndilo linalowagombanisha wasahihishaji: "Siiamini, mtandaoni kila mtu anaandika anachotaka." Hitimisho lake linafanana na la mwenzake, na msahihishaji aliyechoka humpa nusu. Mimi simpi kitu. Hajakagua, ametilia shaka tu, na shaka hiyohiyo ataipeleka kwenye utafiti mzuri kesho. Kumnasa mtu wa namna hii, wekeni kazi ya pili yenye chanzo ambacho ni kizuri kweli. Anayekataa vyote viwili hana tofauti na anayekubali vyote viwili.

Ushahidi wa tatu mnao tayari, kwenye mafaili ya wahadhiri. Ombeni insha kama 60 za mwaka wa kwanza, majina yafutwe, mzisome kwa rubriki, yaani jedwali la vigezo na ngazi za alama. Ile ya muungano wa vyuo wa Marekani, AAC&U, ya mwaka 2009, ina vigezo vitano na ngazi nne, nayo hutolewa bure. Angalizo moja: ngazi ya 4 inamwelezea anayemaliza shahada. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuwa ngazi ya 1 ni jambo la kutarajiwa, na mkipeleka wastani huo kwa uongozi bila maelezo mtaitiwa kikao cha dharura.

Msiishie kwenye orodha ya marejeo kutazama nukta na mkato. Chagueni marejeo matatu katika kila insha, mkifungue chanzo chenyewe. Kipo? Kinasema alichosema mwanafunzi? Kimenukuliwa kutoka ukurasa wa ngapi? Mradi wa Citation Project, ulioongozwa na Rebecca Moore Howard na Sandra Jamieson, ulifanya hivyo kwa insha 174 kutoka vyuo 16 vya Marekani. Sehemu kubwa ya walichonukuu wanafunzi ilitoka kwenye kurasa za mwanzo kabisa za chanzo, na wengi walikuwa wakibadilisha sentensi mojamoja badala ya kueleza hoja ya mwandishi kwa ujumla. Jambo hilo halionekani kwa kutazama marejeo yalivyopangwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna nyingine itakayowaambia wahadhiri kitu wasichokijua.

Mkiwa wawili, mna bahati ya kuweza kukaguana. Kila mmoja asahihishe karatasi kumi zilezile bila kumwona mwenzake, kisha mkae mbishane pale mlipotofautiana, muandike mlichokubaliana, mrudie na kumi nyingine. Msiridhike na asilimia ya makubaliano peke yake, kwa kuwa kama karibu wote wanapata 1, mtakubaliana hata mkisahihisha mmefumba macho. Kipimo cha kappa cha Cohen huondoa makubaliano ya bahati kama hayo, na programu yoyote ya takwimu hukikokotoa.

Kuhusu idadi, 800 wote hawahitajiki. Wanafunzi 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya usajili watawapa asilimia ambayo haitatofautiana na ukweli kwa zaidi ya takriban pointi 9 kila upande, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Mkichukua 200 inashuka hadi pointi 6. Kuongeza mara mbili ya usahihishaji kwa pointi tatu naona ni gharama isiyo na maana kwenu. Kinachoharibu zaidi ni kuchukua walioingia maktaba siku hiyo, maana hao tayari si kama wengine.

Wiki ya kwanza msiwaguse. Constance Mellon alipochambua maandishi ya wanafunzi waliokuwa wakifanya utafiti wao wa kwanza, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1986, alikuta asilimia 75 hadi 85 wakieleza mwanzo wao na maktaba kwa lugha ya hofu. Mkiwapima wakiwa bado wanatafuta vyumba vya mihadhara, mtapima woga. Subirini wapewe insha ya kwanza, mpange na mhadhiri kazi hii iwe na alama chache ndani ya somo lake. Isipokuwa na alama yoyote, watajaza waondoke. Kwa wasiozoea hifadhidata, swali la kuchagua maneno ya kutafutia lifanyike kwenye karatasi yenye picha za skrini, msije mkachanganya ugeni wa vitufe na upungufu wa fikra.

Programu za akili mnemba haziwezi kufungiwa nje ya upimaji huu, na sidhani ingefaa. Kazi moja ifanyike bila programu hizo, mbele yenu. Nyingine iwe juu ya programu zenyewe: mpeni mwanafunzi aya iliyoandikwa na programu, yenye marejeo matano, mkijua kuwa mawili hayapo na moja lipo lakini halisemi kinachodaiwa. Aonyeshe lipi ni lipi na amejuaje. Marejeo ya kubuni mara nyingi huja na jina la mwandishi halisi na jarida halisi, kwa hiyo kuyatazama hakusaidii. Ni mpaka yatafutwe. Wengi watagundua yale mawili. Lile la tatu, lililopo lakini limesingiziwa, ndilo litakalowatenganisha, kwa sababu linadai mtu afungue makala na kuisoma.

Alama ya kufaulu, kwa lengo mlilonalo sasa, haihitajiki hata kidogo. Toeni matokeo ya kila stadi peke yake: wangapi walipunguza maneno ya kutafutia, wangapi walitoka nje ya ukurasa, marejeo mangapi yalithibitika. Kujumlisha hayo yote kuwa 58 kwa 100 ni kuficha mlichokigundua. Uongozi ukishikilia, basi tumieni njia aliyoieleza William Angoff mwaka 1971. Kusanyeni wahadhiri sita au saba na maswali yenu. Kwa kila swali, kila mhadhiri akadirie peke yake: katika wanafunzi 100 wenye ujuzi wa kutosha kwa shida tu, wangapi watalipata? Jadilini makadirio yanayopishana sana, waruhusiwe kubadilisha, kisha chukueni wastani wa maswali yote. Namba itakayotoka inaweza kuwa 47 au 63, na mtaweza kueleza imetoka wapi, jambo ambalo hamtaliweza kwa 50 iliyowekwa kwa mazoea.